Shahidi Aliyekuwa Mezani

Katika mji wa Kaifeng, makao makuu ya China enzi za ukoo wa Song, menyu ilikuwa kichwani mwa mhudumu. Meng Yuanlao, mmoja wa waliokimbia mji huo baada ya kutekwa mwaka 1127, aliandika kumbukumbu zake miaka ishirini baadaye, na humo anaeleza jinsi wateja walivyoketi na kila mmoja kuagiza la kwake: huyu anataka cha moto, yule cha baridi, wa tatu vuguvugu, wa nne nyama isiyo na mafuta. Mhudumu hakuandika kitu. Alikwenda hadi jikoni akayaghani maagizo yote kwa mpangilio, na muda si mrefu akarudi na mabakuli matatu katika mkono wa kushoto na mengine kama ishirini yamepangwa juu ya mkono wa kulia, kuanzia kiganjani hadi begani, akayagawa kila moja kwa mwenyewe. Akikosea, mteja alimshitaki kwa mwenye mgahawa, naye alimkaripia, akamkata mshahara au hata kumfukuza. Msomaji huvutiwa na ule ustadi wa kubeba, lakini jambo zito liko kwenye adhabu. Pasipo maandishi, mteja akisema hakuagiza hiki au hakutajiwa bei hii, anasimama neno kwa neno na mtu mwingine, na ushahidi wote umo kichwani mwa mwajiriwa ambaye kibarua chake kiko hatarini.

Menyu ya karatasi ilizaliwa kujibu shida ya aina hiyo, na ndiyo maana inafaa kuitazama kwa jicho la hakimu kuliko la mpishi. Kazi yake kubwa haikuwa kututajia vyakula. Mdomo uliiweza hiyo kwa karne nyingi. Kazi yake ilikuwa kukaa mezani kama shahidi: kusema jambo lile lile kwa kila aliyeketi, na kutoweza kulikana baadaye. Katika miaka michache iliyopita, sehemu nyingi za dunia, shahidi huyo ameondolewa, na mahali pake pamebandikwa kijiraba cha vidoti vyeusi ambacho mteja hukielekezea kamera ya simu. Waliokitetea wamezungumzia usafi, kasi, miti na lugha nyingi. Kuhusu ushahidi hawakusema kitu, na sidhani kwamba walisahau.

Paris ya katikati ya karne ya 18 haikuwa na mgahawa kwa maana tunayoijua leo. Msafiri mwenye njaa aliketi kwenye meza ya pamoja, saa aliyopangiwa, akala kilicholetwa, karibu na sahani ya nyama au mbali nayo kutegemea alivyowahi kiti na alivyojuana na wenyeji wa meza. Alilipa kiasi kimoja na wenzake, awe amepata minofu au ameambulia mchuzi. Neno restaurant lenyewe lilikuwa jina la supu nzito ya kumrudishia mdhaifu nguvu, na wauzaji wake wa kwanza wa miaka ya 1760, akiwemo Mathurin Roze de Chantoiseau, waliuza afya kabla ya kuuza shibe. Mwanahistoria Rebecca Spang, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu chimbuko la migahawa, anatuonyesha kwamba mapinduzi yenyewe hayakutokea ndani ya sufuria. Yalikuwa ya utaratibu: meza yako, saa yako, na karatasi yenye jina la kila chakula na bei yake. Kufikia miaka ya 1780, wakati Antoine Beauvilliers alipofungua mgahawa wake wa kifahari, utaratibu huo ulikuwa umeshakuwa mtindo wa mji, na Waingereza waliomiminika Paris baada ya vita vya Napoleon waliishangaa karatasi hiyo, ndefu na pana kama gazeti, yenye herufi zilizobanana. Mteja sasa aliweza kupiga hesabu kabla hajafungua kinywa. Tajiri na karani wake hawakuwa na mfuko mmoja, lakini wakiingia mgahawa mmoja walisoma karatasi moja, na karani aliyeona bei imemzidi aliagiza kidogo au akaondoka bila kuaibika mbele ya mtu. Usawa huo ulikuwa wa habari tu. Si haba, kwa soko ambalo hadi wakati huo bei nyingi zilipangwa kwa kumsoma mnunuzi usoni.

Nguvu ya karatasi hiyo inaonekana vizuri zaidi pale ilipohujumiwa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, migahawa ya gharama huko Ulaya na Marekani ilichapisha menyu za aina mbili: yenye bei kwa mwanamume, isiyo na bei kwa mwanamke aliyefuatana naye, kwa dhana kwamba yeye halipi na haifai asumbuke. Mwaka 1980 mgahawa wa L'Orangerie wa Los Angeles ulishitakiwa kwa desturi hiyo baada ya mwanamke aliyekuwa mwenyeji wa chakula kupewa menyu isiyo na bei, na mgeni wake wa kiume kupewa yenye bei. Mgahawa uliachana na desturi hiyo. Kesi ile iliwezekana kwa sababu ya jambo moja dogo: karatasi zote mbili zilikuwa juu ya meza moja, na ukizilaza ubavu kwa ubavu hila inaonekana kwa macho. Laiti kila mmoja angekuwa anasoma chake kiganjani mwake, sijui nani angegundua.

Karatasi ina ushahidi wa aina ya pili, ambao hata walioichapa hawakuutarajia. Kuanzia mwaka 1900 Frank E. Buttolph, mwanamke pamoja na jina lake hilo, alijitolea kuikusanyia Maktaba ya Umma ya New York menyu za kila aina: za hoteli, za meli, za reli, za karamu za vyama. Aliandika barua, akatangaza magazetini, na kufikia kifo chake mwaka 1924 alikuwa amekusanya zaidi ya 25,000. Wakati ule ilionekana ni ushabiki wa mtu mmoja asiyependa kuona kitu kinatupwa. Miaka mia baadaye ni hazina. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Kyle Van Houtan walichapisha uchunguzi wa menyu 376 za migahawa ya Hawaii za kati ya 1928 na 1974, nyingi zikiwa zimehifadhiwa na watu kama kumbukumbu za safari. Takwimu rasmi za uvuvi za visiwa hivyo zina pengo la miongo kadhaa, na menyu ndizo zilizoliziba. Kabla ya 1940 samaki wa miambani walikuwa chakula cha kawaida. Kufikia 1959, Hawaii ilipofanywa jimbo la Marekani, walikuwa wamebaki kwenye chini ya moja ya kumi ya menyu, na nafasi yao imechukuliwa na jodari na nduaro wa bahari kuu. Mtalii aliyeficha menyu mkobani kwa sababu ya picha nzuri ya jaladani alikuwa anatunza rekodi ya bahari bila kujua.

Menyu ya simu haiachi masalia ya namna hiyo. Ya jana inafutwa na ya leo katika anwani ile ile, na jioni hakuna anayeweza kuthibitisha asubuhi iliandikwa nini. Mtu atasema intaneti haisahau, na kwamba kuna hifadhi zinazonakili kurasa za tovuti. Zinanakili, ndiyo, lakini menyu inayotengenezwa upya kila mteja anapoifungua, ndani ya programu ya kampuni ya tatu, mara nyingi haifikiwi na hifadhi hizo. Na mgahawa ukiacha kulipia huduma, kile kijiraba kinabaki mezani kikielekeza kusikokuwa na kitu.

Kijiraba chenyewe kina nasaba inayostahili kusimuliwa taratibu, maana tabia zake za kuzaliwa hazijakitoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya magari vya Japani vilitumia misimbopau kufuatilia vipuri, na kila msimbopau ulibeba herufi kama ishirini tu. Boksi moja liliweza kuwa na kumi, na mfanyakazi akajikuta anaskani hadi elfu moja kwa siku, mmoja mmoja. Masahiro Hara, mhandisi wa kampuni ya Denso, alipewa kazi ya kutafuta kitu bora. Alikuwa mpenzi wa mchezo wa Go, unaochezwa kwa kete nyeusi na nyeupe juu ya ubao wa miraba, na humo aliona kwamba habari zinaweza kupangwa kwa urefu na upana kwa pamoja. Tatizo lilikuwa mashine: ingetambuaje msimbo ulipo katikati ya maandishi mengine yote ya kwenye boksi? Hara na wenzake walipekua magazeti, majarida na vikaratasi vya matangazo wakitafuta uwiano wa nyeusi na nyeupe ambao wachapaji hawautumii kwa kawaida, na wakaupata: 1:1:3:1:1. Ndio huo unaouona katika zile pembe tatu zenye mraba ndani ya mraba; pitisha mstari katikati yake upande wowote, uwiano haubadiliki. Aidha, waliupa msimbo uwezo wa kusomeka hata kama sehemu yake, hadi asilimia 30, imechafuka au kuchanika, kwa sababu kiwandani kuna grisi. Mezani kuna mchuzi, kwa hiyo uwezo huo haukupotea bure. Msimbo wa QR ulitoka mwaka 1994, na kampuni, ingawa ilikuwa na hataza, haikuwadai wanaoutumia. Mwaka 2000 ukawa kiwango cha kimataifa. Lakini tusisahau ulikuwa wa nini. Ulitengenezwa ili mwenye kiwanda ajue kipuri kiko wapi, kimepita saa ngapi na kinaelekea wapi. Ulipohamia mgahawani, kinachofuatiliwa si wali wala samaki. Ni aliyeketi.

Haya yote yalitangulia ugonjwa wa Korona. Kampuni ya malipo ya Alipay ilianza malipo ya QR China mwaka 2011. Januari 2017 programu ya ujumbe ya WeChat ikazindua programu ndogo zinazoishi ndani yake, na migahawa ya miji ya China ikazishika upesi kwa kuagizia chakula. Septemba mwaka huo huo Apple iliiwezesha kamera ya iPhone kusoma msimbo bila programu ya ziada. Kwa hiyo Korona ilipofika na Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kikashauri, Mei 2020, kwamba migahawa iepuke menyu zinazopita mkono hadi mkono, silaha ilikuwa imeshanolewa. Ushauri ule ulikuwa na mantiki kwa wakati wake. Ila tarehe 5 Aprili 2021 kituo hicho hicho kilitangaza kwamba hatari ya kuambukizwa kwa kugusa sehemu yenye virusi kwa kawaida ni chini ya 1 kati ya 10,000. Sababu iliyotajwa ilikuwa imekufa. Misimbo haikubanduka siku hiyo, wala mwezi huo, wala mwaka huo.

Jambo linalodumu baada ya sababu yake kufa lina sababu nyingine. Marekani ya 2021 wahudumu walikuwa adimu, na mteja anayejisomea, kujiagizia na kujilipia ni mhudumu asiyelipwa. Mwaka uliofuata mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 mwezi Juni, na mwenye mgahawa aliyebadili bei kwa kugusa kioo alimpita mwenzake aliyesubiri mchapaji. Sizibezi sababu hizo. Mafuta ya kula yakipanda kila wiki, kuchapisha menyu ni kutupa fedha. Lakini hizo ni nafuu za mwenye mgahawa, na zilipitishwa mlangoni kwa hati ya kusafiria ya afya ya mteja.

Pingamizi la kwanza ninaloliheshimu ni la ubao wa chaki. Bei ya chaki inafutika kirahisi kuliko ya kioo, na hakuna aliyewahi kuulalamikia ubao kuwa unadanganya. Ni kweli, lakini ubao hufutwa mbele ya watu. Anayepandisha bei ya kuku saa saba mchana anafanya hivyo vichwa vikigeuka na macho yakimtazama, na wa meza ya kwanza na wa meza ya mwisho wanasoma tarakimu moja. Ushahidi wa karatasi au ubao unatokana na uwazi wake kwa wengi kwa wakati mmoja. Ugumu wa kufutika ni nyongeza. Simu inasomwa na mmoja. Februari 2024 mkuu wa kampuni ya Wendy's aliwaambia wawekezaji kwamba wangetumia kama dola milioni 20 kwa mbao za menyu za kidijitali na kujaribu, kuanzia 2025, bei zinazobadilika. Umma ulikuja juu, na kampuni ikaeleza upesi kuwa haikukusudia kupandisha bei saa za wateja wengi. Tuichukue kauli hiyo kama ilivyotolewa. Bado inabaki kwamba mbao zile zingeonekana na foleni nzima, na hata hivyo watu walishtuka.

Pingamizi la pili lina uzito wa kibinadamu. Menyu ya karatasi haikumfaa kipofu hata siku moja, wala mgeni asiyejua lugha ya mji, na simu inaweza kusoma kwa sauti na kutafsiri. Hapa nakubali bila kinyongo, kwa angalizo moja: menyu nyingi za simu ni picha ya karatasi ile ile iliyopigwa na kupandishwa mtandaoni, na programu ya kusomea wasioona hukwama mbele ya picha tupu. Na wapo ambao simu imewafungia mlango badala ya kuwafungulia. China, iliyotangulia, ndiyo iliyotangulia pia kusikia malalamiko: Novemba 2020 Baraza la Taifa lilitoa mpango wa kuwasaidia wazee walioshindwa na huduma za simu janja, na mwaka uliofuata gazeti la chama tawala na chama cha walaji vilizikosoa hadharani nyumba za chakula zilizolazimisha wateja waskani, nyingine zikidai namba ya simu kwanza. Sheria ya nchi hiyo ya kulinda taarifa binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Novemba 2021. Marekani nako, Januari 2022, FBI ilionya kwamba wahalifu hubandika misimbo yao juu ya halali. Kufikia 2023 magazeti ya huko yalikuwa yakiandika juu ya migahawa iliyorudisha karatasi.

Kwetu Afrika Mashariki hadithi ina umbo jingine, kwa kuwa wengi wetu hatujawahi kula kwa karatasi. Kwa mama lishe menyu ni sauti: kuna wali maharage, wali nyama, ugali samaki, ndizi zimeisha. Ni menyu inayojibu maswali, jambo ambalo si karatasi wala simu iliyoliweza. Unauliza samaki ni wa leo, na unasikiliza anavyosita. Udhaifu wake ni bei. Kwa mteja wa kila siku bei inajulikana na mtaa mzima ni shahidi. Kwa mgeni, hasa fukweni kunakopita watalii, bei isiyoandikwa hupangwa kwa rangi, kwa lafudhi na kwa viatu. Wapo wanaosema tutaruka hatua ya karatasi kama tulivyoruka hatua ya benki, kutoka mdomoni moja kwa moja hadi kwenye simu. Mfano wa fedha ni mzuri kuliko wanavyodhani wanaoutaja. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, mtu aliyemtumia mwenzake fedha hakubaki na neno tupu: wote wawili walipata ujumbe wenye kiasi, saa na namba moja ya muamala. Ugomvi wa nilituma, hukutuma uliishia kwenye ujumbe huo, na hadi leo muuza duka husubiri mlio wa simu yake mwenyewe kabla ya kuachia mzigo. Simu, kumbe, inaweza kuwa shahidi ikitengenezwa hivyo. Stika ya malipo ya Lipa Namba iliyobandikwa mezani inarithi tabia hiyo. Menyu iliyobandikwa kando yake hairithi: haimpi mteja nakala ya bei aliyoisoma wakati anaagiza. Risiti ya mashine ya kodi, EFD, haizibi pengo hilo, kwani inathibitisha kilicholipwa, kilichoahidiwa hakimo.

Kitaalamu si kazi ngumu. Mfumo unaopokea oda unaweza, kwa sekunde ile ile, kumtumia mteja ujumbe wenye kila chakula na bei yake kabla jiko halijawashwa, na kuihifadhi menyu ya siku hiyo kwa tarehe yake. Hadi hayo yafanyike, shahidi wa kuaminika katika hoteli nyingi za mitaani, Nairobi hata Morogoro, anabaki kuwa ukuta: chai, chapati, supu, pilau, kwa rangi ya mafuta na mkono wa fundi wa mtaani. Bei zikipanda, mwenye hoteli hapaki ukuta upya. Anafuta tarakimu moja na kuandika nyingine juu yake, na mwenye kuinama kidogo, mwanga ukiingia kwa pembeni, anaisoma ya zamani chini ya rangi mpya.